Cheti peke yake hakitoshi

Unauliza kama cheti kingine kitakutoa kwenye dawati la msaada wa kompyuta (IT) na kukupandisha kazi ya juu zaidi. Peke yake, hapana. A+ ya CompTIA, cheti cha msingi cha IT, husaidia kuingia. Kupanda kunataka kazi inayoonekana. Angalia tiketi, yaani maombi ya msaada, zinazojirudia: huyu kasahau nywila, yule akaunti imejifunga. Andika skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) ya kufungua akaunti zilizojifunga, iwekee maelezo, kisha mwonyeshe msimamizi wako kabla ya kuitumia. Watu wa seva huanza kukukumbuka kwa vitu kama hivyo. Na tiketi ukiipeleka ngazi ya pili, kwa mafundi wenye ujuzi zaidi, usiiache hapo, rudi usome waliitatuaje, walifungua logi (kumbukumbu za mfumo) gani kwanza. Ukipenda mitandao, CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, inafaa kweli, ila jizoeze kugawa anwani za IP katika mitandao midogo (subnetting) kwa mkono, bila kikokotoo.