Mwaka wa bustani ndani ya simu: kwa mnaoanza kulima mboga nyumbani Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoanza kulima mboga kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, anzeni kupiga picha kabla hata ya kununua mbegu. Sisemi picha ya nyanya iliyoiva mkononi. Hiyo inafurahisha, lakini haifundishi sana. Nasema picha ya bustani nzima, kila juma, ukisimama mahali palepale na saa ileile, iwe mvua au vumbi. Kizingiti cha mlango kinatosha kuwa alama ya kusimamia.

Hapa kwetu mvua huanza Novemba hivi, ikakoma Machi au Aprili, kisha ni miezi ya ukame. Ikifika Julai, asubuhi za baridi, hakuna anayekumbuka sawasawa maji yalituama wapi mwezi Januari. Picha zinakumbuka. Zikiwa na tarehe, unaona tuta lililokuwa dimbwi, na unajua mwaka ujao tuta hilo liinuliwe, au lipandwe kitu kinachovumilia maji.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni kivuli, na kuhusu hili naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hupanda wakidhani jua linakaa upande mmoja mwaka mzima. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 11 na nusu. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wenye urefu wa mita 2 unatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wa kusini. Mwezi Desemba jua limevuka kidogo kuelekea kusini. Kivuli kinageukia kaskazini, nacho ni kifupi sana. Sasa fikiri: mboga za kumwagilia tunazilima kiangazi, wakati upande wa kusini wa ukuta una kivuli na ubaridi. Nyanya na biringanya za kiangazi ziende upande wa kaskazini. Upande wa kusini uwaachie kabichi na majani mengine yanayopenda ubaridi. Weka picha ya Juni kando ya ile ya Desemba, utaona bila kuelezwa na mtu.

Rangi ya majani nayo inasomeka, mradi mwanga uwe uleule. Picha ya jioni hufanya kila jani lionekane la manjano. Kama manjano inaanzia majani ya chini, yaliyozeeka, mara nyingi mmea umekosa naitrojeni, kirutubisho cha majani, na mvua zetu kubwa huisukuma chini ya mizizi haraka. Ongeza mbolea ya samadi iliyooza, kidogo kidogo, usimwage yote siku ya kupanda. Manjano ikianzia majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, shida ni nyingine, mara nyingi upungufu wa madini ya chuma, na samadi peke yake inaweza isitoshe.

Kwa mahindi, inama upige picha moyoni mwa mmea. Kiwavi jeshi aliyeingia Afrika mwaka 2016 hujificha humo mchana. Utaona majani yamekwanguliwa yakabaki utando mwangavu, na kinyesi chake kama unga wa msumeno. Akiwa mdogo unaweza kumtoa kwa mkono asubuhi na jioni. Akishazama ndani, umechelewa.

Piga pia picha ya kila ulichotia ardhini, gunia la samadi na udongo wa kichuguu. Wazee wa huku hutawanya udongo wa vichuguu shambani kwa sababu nzuri: mara nyingi una kalisi (kalsiamu) nyingi kuliko ardhi nyekundu iliyo pembeni, ambayo ni chachu, yaani ina asidi. Bila picha hutajua tuta gani lilipata nini.

Kuna kitu kimoja kamera haikioni, nacho kinanitia hofu kuliko wadudu wote. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mjini mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wake miaka mingi kuelekea kaskazini-magharibi. Udongo wa upande huo umepokea metali zenye sumu: shaba, risasi na kadimiamu. Lengalenga (mchicha) iliyoota hapo inaweza kupendeza sana pichani. Kuosha majani kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichopandishwa na mizizi. Anayeishi upande huo apande mboga za majani katika magunia au matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali na kiwanda na migodi, na watoto wasichezee udongo wa zamani. Kama kuna njia ya kuupima udongo kwenye maabara, upimeni kabla ya mbegu ya kwanza.