Diski ya Nje ya Bei Nafuu: Ninachokiangalia Kabla ya Kulipa

Kwa kuwa ninaendesha steshenari jirani na chuo mjini Morogoro, swali la diski ya nje hunifikia kila muhula unapokaribia kwisha, wakati tasnifu zimefika sura ya nne na wenye nazo wameanza kuingiwa na hofu. Wengi huja wakiwa na flashi tatu, kila moja ikiwa na toleo lake la kazi ileile. Jibu langu halijabadilika: kwa mtu anayetaka kutunza nakala za picha, nyaraka na video zake bila gharama kubwa, diski ya kawaida ya kuzunguka, mpya, yenye ukubwa wa terabaiti (TB) 1 au 2, inamtosha, na fedha ambayo angeiongeza kwa ajili ya ukubwa au kasi ni afadhali aiweke akiba ya kununulia diski ya pili.

Wapo wanaoniuliza kuhusu SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu. Ni kweli kwamba haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo huvumilia kuanguka na kwa kasi huiacha mbali diski ya kawaida, lakini kwa kila terabaiti bei yake iko juu zaidi, na kasi hiyo haina faida kubwa kwa kazi ya kunakili ambayo unaweza kuianzisha usiku ukaenda kulala. Isitoshe, data yake hushikiliwa na chaji ndani ya chipu, na chaji hiyo hupungua taratibu kifaa kikikaa kabatini muda mrefu bila kuchomekwa, hasa mahali penye joto. Ninamshauri SSD mtu anayelazimika kutembea na diski kila siku kwenye daladala na bodaboda. Diski inayokaa nyumbani haihitaji hayo.

Kuhusu ukubwa, jumlisha ulicho nacho sasa kwenye simu na kompyuta, kisha uzidishe mara mbili. Usishtuke diski ya 1 TB ikionekana kwenye Windows kuwa na gigabaiti 931, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024, hakuna aliyekupunja.

Kupunjwa kwenyewe kuko kwingine. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliniletea kijidude cha bati kilichoandikwa 16 TB, alichokinunua kwa bei isiyofika hata nusu ya diski halisi ya 1 TB. Tulipokifungua tulikuta kadi ndogo ya kumbukumbu, kama zile za simu, imechomekwa kwenye kisakiti na kushikizwa kwa gundi, na pembeni yake kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Kompyuta ilikuwa ikionyesha 16 TB bila wasiwasi, kwa kuwa kisakiti kile kimepangwa kudanganya: faili zikizidi uwezo halisi wa kadi, mpya huandikwa juu ya za zamani, majina yakabaki kwenye folda ilhali picha hazifunguki. Diski halisi ndogo za kubebeka kwa kawaida huishia 5 au 6 TB, kwa hiyo chochote cha mfukoni kinachodai zaidi ya hapo kwa bei ya flashi kiache mezani kwa muuzaji.

Udanganyifu wa aina ya pili ni mgumu zaidi kuutambua. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu huwekwa ndani ya kasha jipya, ikafungwa kwenye boksi linalong'aa na kuuzwa kama mpya. Hapa programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasaidia, kwani huonyesha saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Diski mpya haiwezi kuwa na saa elfu nane. Hata hivyo wapo wanaojua kuzifuta saa hizo, kama walivyo wanaorudisha nyuma kilomita za magari, na ndiyo maana sikomei hapo. Siku ileile ya kununua, kabla sijaweka faili hata moja, ninaiendesha programu ya H2testw, ambayo huijaza diski yote kisha huisoma upya kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Kwa 1 TB kazi hii huchukua saa sita au zaidi, lakini hakuna wakati mzuri wa kuipima diski kuliko ule ambao muuzaji bado anakukumbuka na risiti yake ya EFD unayo mkononi.

Jina la kampuni kwenye boksi halinisumbui sana. Watengenezaji wa diski za kuzunguka duniani wamebaki watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na mwenye jina jingine ameweka ndani diski ya mmoja wao. Ninachokitazama zaidi ni waranti ya angalau mwaka mmoja na tundu la waya, ambalo nikilichomeka halipaswi kuchezacheza. Chagua USB 3.0 au mpya zaidi. Diski kubwa za mezani zinazotaka adapta yake ya umeme ninaziepuka, kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Na diski ndogo ikitoa mlio wa tik-tik, usikimbilie kuomboleza: ibadilishie waya, uichomeke tundu la nyuma ya kompyuta, kwani wakati mwingine huwa inakosa umeme wa kutosha.

Ukitumia Windows na Mac kwa pamoja, ifomati kwa exFAT, mpangilio wa faili ambao zote mbili huusoma na kuuandikia. Mpangilio wa zamani, FAT32, haupokei faili inayozidi gigabaiti 4, na video ya harusi huzidi hapo kwa urahisi.

Ukimaliza kunakili, itoe kwa utaratibu na uichomoe kabisa, maana kirusi kinachofunga faili za kompyuta hufunga pia za diski iliyochomekwa. Diski ya pili, ile niliyosema uiwekee akiba, isikae nyumba moja na ya kwanza, kwa kuwa mwizi au moto havichagui droo. Mwanafunzi mmoja ninayemfahamu humwachia dada yake aliyeko Dodoma diski moja, na kila likizo huipeleka ile yenye kazi mpya na kurudi na iliyokuwa huko.