Mar Lodge: maswali yenu kuhusu ayala na misonobari

Wasomaji wanne wameniuliza kuhusu Mar Lodge, eneo la kale la uwindaji karibu na kijiji cha Braemar, Uskoti. Nawajibu kwa zamu.

Kaka, tunaishi Glasgow na tuna watoto. Tunaruhusiwa kuingia?

Mnaruhusiwa. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu au baiskeli, mradi asiharibu. Mtalipia maegesho tu pale Linn of Dee. Hapo mto Dee unabanwa na miamba hadi mtu anadhani anaweza kuuruka, na wapo waliokufa maji. Washikeni watoto mkono.

Eti kuna ukumbi wa pembe tupu?

Ni kweli. Ni ukumbi wa dansi; dari na kuta zimejaa mafuvu ya madume ya ayala, zaidi ya 2,000, safu kwa safu, pembe zikiwa bado juu yake. Jumba la Mar Lodge lilijengwa kwa ajili ya Duke wa Fife, mume wa mjukuu wa Malkia Victoria, na malkia mwenyewe aliweka jiwe la msingi mwaka 1895. Enzi hizo ayala walitunzwa wawe wengi ili wageni wapate shabaha. Mabonde ndiyo yaliyogharimia.

National Trust for Scotland, shirika linalomiliki Mar Lodge, ni wahifadhi. Mbona bado wanapiga ayala risasi? Roho inaniuma.

Pole dada, lakini hapa nawaunga mkono kwa moyo wote. Mbwamwitu walimalizwa Uskoti karne nyingi zilizopita, hivyo ayala hana adui isipokuwa binadamu. Wakizidi, kila mche wa msonobari unaochomoza unatafunwa. Mabonde ya Derry na Quoich yakabaki na misonobari mizee isiyo na warithi. Shirika lilinunua ardhi hiyo mwaka 1995, likapunguza ayala kwa kiasi kikubwa, na msitu ukaanza kujiotea wenyewe. Inama kando ya njia ya Derry uone: mche mmoja kama kidole, mwingine umefika kiunoni, wa tatu umekupita kimo. Kwingineko kwenye eneo hilo uwindaji wa kulipia bado upo.

Tuje lini?

Mei, kabla usubi haujachachamaa. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba madume hunguruma wakigombea majike, ila huo pia ni msimu wa bunduki, kwa hiyo soma matangazo kabla ya kuacha njia.