Kabla hujanunua jina la kwanza la kuuza

Wanaoniuliza namna ya kuanza biashara ya kununua na kuuza domeni, yaani majina ya tovuti, wengi huja na swali moja: "Ninunue jina gani?" Mimi huwarudisha nyuma kidogo, nikawauliza wamejiandaa kulipia ada ya jina hilo, kama kodi ya pango, miaka mingapi. Ndipo nilipoumia mimi, na ndipo ninapotaka uanzie wewe.

Watu hupenda kulinganisha domeni na kiwanja. Ulinganisho huo umewapotosha wengi. Kiwanja ukishanunua Mkuranga na hati ukashika, unaweza kukiacha na majani yake miaka kadhaa na mara nyingi bado ni chako. Domeni ni kama fremu ya Kariakoo. Huimiliki, unalipia mwaka hadi mwaka, na mwaka usipolipa anaingia mwingine. Unachouza wewe ni kilemba, yaani haki ya kukaa pale mahali. Kilemba kinaweza kuwa kikubwa kuliko kodi ya miaka mia, lakini kodi haikusubiri umpate wa kukitoa.

Mwaka wangu wa kwanza nilisajili majina 43 ndani ya wiki sita. Usiku nikilala naota majina, asubuhi nasajili. Kila .com ilinigharimu kama dola 12, nikaona ni hela ndogo. Mwaka ulipozunguka ankara zikaja zikifuatana: zaidi ya dola 500, na sikuwa nimeuza jina hata moja. Nikakaa na orodha ile nikiwa na kalamu, nikajiuliza kwa kila jina, "Nani hasa atalinunua?" Kwa majina 31 sikuwa na jibu. Niliyaacha yakafa. Yale 12 yaliyobaki ndiyo yaliyokuja kunirudishia pesa, na kila moja lilikuwa na mnunuzi ninayeweza kumnyooshea kidole.

Tangu hapo nina sharti moja: sisajili jina kabla sijaandika kwenye daftari wafanyabiashara watatu halisi wanaoweza kulitaka. Siandiki "makampuni ya utalii". Naandika kampuni hii, ya mtaa huu, yenye tovuti hii. Kuwapata ni kazi ya saa moja. Unatafuta huduma kwenye Google, tuseme uchimbaji wa visima Mwanza, halafu unaangalia mambo mawili. Kwanza, nani analipia tangazo pale juu. Huyo tayari anatoa pesa ili aonekane. Pili, nani ana jina la tovuti refu lenye vistari, au kadi yake ya biashara bado ina anwani ya Gmail ilhali ana malori matatu barabarani. Mtu wa namna hiyo anaijua shida yake kabla hujamweleza. Ukikosa hata watatu wa aina hiyo, jina hilo ni zuri kwako tu.

Nitakaa kidogo kwenye majina ya Kiswahili, maana hapo ndipo sisi tunaona ambacho mnunuzi wa Texas haoni. Soko kubwa la domeni duniani bado ni la maneno ya Kiingereza, na usijidanganye kwamba neno la Kiswahili litauzwa kwa bei ya voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini kwa mnunuzi wa Dodoma, Mombasa au Goma, neno analoongea na wateja wake lina uzito. Na Kiswahili kina faida kubwa: tunaandika tunavyotamka. Mtu akisikia "mbao" redioni ataandika mbao.

Hata hivyo tuna mitego yetu. Nilikuwa na jina lenye neno "thamani" ndani yake, nikalipenda mno. Siku moja nikampigia simu dada yangu, nikamtajia mara moja tu, nikamwomba alifungue. Akaandika samani. Nikampigia fundi wangu wa umeme, naye akaandika samani. Jina nililodhani ni la kampuni ya uwekezaji lilikuwa linawapeleka watu kwenye vitanda na makabati. Hivyo hivyo dhahabu huandikwa zahabu, ghala huandikwa gala, na kuna watu wengi ambao kwao r na l hubadilishana nafasi. Maneno mawili yakikutana kwa irabu ile ile, la kwanza likiisha na a na la pili likaanza na a, mmoja ataandika a moja, mwingine mbili. Siku hizi kila jina nalijaribu kwa simu kwa watu watatu, na mmoja lazima awe mtu asiyeshinda mtandaoni. Wawili wakikosea, naliacha.

Angalia na ngeli. Wageni wa kazi hii hupenda umoja: kiwanja, gari. Lakini soma mabango ya barabarani: "viwanja vinauzwa", "magari yanakodishwa". Muuzaji hujitambulisha kwa wingi wa bidhaa zake, na jina litakalomvutia ni lile linalofanana na bango lake.

Kuhusu viambishi vya mwisho nitakwenda haraka. Anza na .com, halafu cha nchi yako: .co.tz au .co.ke. Vile vingine vinavyotangazwa kwa dola moja au mbili, soma bei ya mwaka wa pili kabla hujalipa, maana mara nyingi inaruka mara kumi na zaidi, na kuna majina yaliyowekwa daraja la juu ambayo yatakudai mamia ya dola kila mwaka. Kiambishi cha .ai, ambacho kwa asili ni cha kisiwa cha Anguilla, kimepanda chati kwa sababu ya akili mnemba, ila usajili wake ni wa miaka miwili kwa mpigo na bei yake si ya kujifunzia. Acha mpaka uwe umeuza majina matano.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kwa mikono miwili. Usisajili jina la kampuni ya mtu. Kila mwezi ninapata ujumbe wa kijana aliyesajili jina la benki au mtandao wa simu akaongeza neno "mikopo" au "ofa" mwishoni, akisubiri wamtafute. Watamtafuta kweli, lakini kwa njia ya mashauri. Tangu 1999 upo utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, wa kusuluhisha migogoro hii, na kituo kinachosikiliza mashauri mengi ni cha WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki. Mlalamikaji anatakiwa aonyeshe mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali juu yake, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya kufungua shauri la jina moja mpaka matano mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ndogo, na wewe utanyang'anywa jina bila kulipwa hata senti. Ile barua pepe yako ya kuwaomba dola 5,000 ndiyo itakayokuwa ushahidi wa nia mbaya.

Hata mwenye haki anaweza kuteseka. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Uzi Nissan, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya biashara yake ya kompyuta, na Nissan ni jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ilimshtaki mwaka 1999. Mwishowe alibaki na jina lake, lakini baada ya miaka mingi ya kesi na gharama nzito. Wewe usiye na ukoo wa namna hiyo utajitetea kwa lipi? Kabla ya kusajili, pitia hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, ambayo ni bure. Kama unawalenga wanunuzi wa Tanzania angalia na majina kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Wa Kenya, angalia alama kwa KIPI, taasisi yao ya haki miliki za viwanda.

Majina yaliyoachwa na wenyewe ni mgodi mwingine, lakini ujue ratiba yake. Jina la .com likiisha muda, msajili, yaani kampuni lilikosajiliwa, kwa kawaida humpa mwenye nalo siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida. Asipolipa, linaingia siku 30 za ukombozi, ambapo bado anaweza kulirudisha ila kwa faini. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo liko huru. Majina mazuri hayafiki huko. Yanakamatwa kwenye minada ya wasajili kabla. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza usingizi upande wa pili wa ratiba hii: kadi niliyoiacha kwa malipo ya kujirudia haikuwa na salio, taarifa zikaenda kwenye barua pepe niliyoacha kuisoma, na jina langu bora nikalikomboa kwa zaidi ya dola 80. Weka tarehe zote kwenye kalenda ya simu, miezi miwili kabla. Na ujue pia kwamba ukisajili jina lazima uthibitishe barua pepe yako ndani ya siku 15, la sivyo linaweza kusimamishwa.

Jina lililokwisha kutumiwa lifanyie upekuzi. Ingia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone lilikuwa tovuti ya nini. Niliwahi kukaribia kutoa dola 140 mnadani kwa jina zuri la afya, kumbe miaka miwili ya mwisho lilikuwa linauza dawa bandia. Jina la namna hiyo limechafuka machoni pa Google na kwenye vichujio vya barua pepe, na mnunuzi makini ataligundua.

Kwenye kuuza, subira inahitajika kuliko maneno. Bei yako ijengwe juu ya mauzo ya kweli: NameBio inaorodhesha majina yaliyouzwa na bei zake, tafuta yanayofanana na lako. Vikokotoo vinavyokuambia jina lako lina thamani ya dola 4,000 usivipe uzito. Na jihadhari na mnunuzi anayekuja na bei nono kuliko uliyotaraji, halafu anakuomba kwanza ulete cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani anayoiamini yeye. Tovuti hiyo ni yake au ya mwenzake. Ukishalipia cheti, hutamsikia tena. Mnunuzi wa kweli hahitaji cheti, analihitaji jina.

Kwa mnunuzi wa mbali tumia mtu wa kati. Escrow.com inapokea fedha ya mnunuzi, inakuthibitishia imefika, ndipo unahamisha jina, naye akishathibitisha kulipokea wewe unalipwa. Hakikisha mapema kwamba fedha hiyo inaweza kuingia kwenye akaunti yako ya hapa, siyo siku ya mauzo. Kumbuka pia kwamba jina likisajiliwa au likihamishwa leo, kwa kawaida linafungwa siku 60 lisihamie kwa msajili mwingine. Dawa yake ni nyepesi: mwombe mnunuzi afungue akaunti kwa msajili wako, ulisukume humo humo kutoka akaunti yako kwenda yake.

Mauzo yangu ya kwanza ya maana yalikuwa ya jina la maneno mawili, huduma na mkoa, .com. Nililishika miaka miwili na miezi saba. Mnunuzi alikuwa kwenye daftari langu tangu siku ya kwanza, na nilimwandikia mistari minne tu: jina ni hili, ni langu, linauzwa, simu yangu hii. Hakujibu miezi mitano. Kisha akapiga simu akasema shilingi laki nne. Nilikuwa nimepanga milioni tatu. Sikumkebehi wala sikushuka papo hapo, nikamwambia, "Mzee wangu, sikiliza kwanza kwenye tangazo lako la redio unavyolitaja jina la sasa, halafu tuongee." Wiki iliyofuata alipiga tena. Tulimalizana kwa milioni moja na laki sita.

Mambo ya Escrow hakuyataka, alisema hela yake haiendi Marekani kurudi. Basi tukaenda kwa wakili pale Posta, Dar es Salaam. Akaweka fedha kwenye akaunti ya wakili, tukasaini mkataba wa kurasa mbili, nami nikafungua kompyuta mezani pale pale nikamsukumia jina. Alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, anavuta ukurasa chini ujipakie upya, mara ya tatu jina likatokea kwenye akaunti yake. Akamwonyesha wakili, wakili akanitazama akatikisa kichwa kwamba tayari.

Jumatatu asubuhi nilikuta barua pepe yake akiniuliza namna ya kuwafungulia watu wake wa ofisini anwani zao. Ilikuwa imetoka kwenye jina lile jipya.