Diski inakwama, Windows inataka kuiformati

Pole sana ndugu. Diski ya GB 500 ikikwama kila ukifungua picha, usikubali kuiformati, wala usiendeshe chkdsk /f (amri ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski): zote huandika juu ya diski inayokufa.

Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, uchomeke diski nyingine isiyo mbovu ya TB 1 yenye mfumo wa faili wa NTFS au ext4 (mfumo wa FAT32 haupokei faili la GB 4 au zaidi). Tambua jina la diski mbovu kwa amri ya lsblk (huorodhesha diski), kisha ukiwa ndani ya folda ya diski hiyo nyingine, endesha ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu), ukiweka jina hilo badala ya /dev/sdb:

sudo ddrescue -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Hii huvuna kwanza panaposomeka kirahisi. Rudia ukiweka -d -r3 badala ya -n, faili la ramani.map (kumbukumbu ya palipokwisha kusomwa) huendeleza kazi ilipoishia. Picha zitoe kwenye nakala.img kwa PhotoRec (programu ya kuokoa picha), usiguse tena diski mbovu.

Diski mbovu ikigonga tik-tik, zima papo hapo: vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza sahani za ndani zenye data.