Re: Nimekwama na mtoto muuaji kwenye riwaya yangu

Salama mkuu. Nimekuelewa, dogo wako wa miaka 11 kamsukuma mwenzie kisimani na wasomaji wako wawili wanasema hawamuamini. Kabla hujagusa kitu chochote angalia anavyoongea, maana kwenye kipande ulichoweka hapa anajieleza kama wakili, "nilijawa na chuki ya muda mrefu", mtoto gani anasema hivyo?

Mi niliwahi kuandika kama hiyo, nikaisugua miezi kadhaa haikai, mpaka nilipofuta mawazo yake yote baada ya tukio nikabakiza anachofanya tu: karudi nyumbani, kaning'iniza ndoo mahali pake, kaomba uji, mama akamuuliza mbona kandambili ni moja. Basi. Hapo ndo watu walianza kuniandikia kwamba wameshindwa kulala.

Pia usimfanye shetani tangu kuzaliwa, tafadhali sana, mpe kitu kidogo alichokuwa anakilinda, hata gololi zake, na mtu mzima aliyeona dalili akapuuza.

Halafu umri, amua hadithi inatokea wapi maana sheria inabadilisha sura zote za mbele. Kenya tangu sheria ya watoto ya 2022 aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa, kwa hiyo ile kesi yako ndefu ya mahakamani haiwezi kuwepo, Tanzania mpaka wa umri ni miaka 10 na kati ya hapo na 12 lazima ithibitishwe alijua anachofanya ni kosa. Hiyo ya pili ingekufaa zaidi, swali zima la riwaya yako limo humo.