Kupima umeme wa msuli: shughulikia ngozi na stage ya kwanza, geini itakuja baadaye

Wadogo zangu mnaofanya projekti za mkono wa bandia, naandika hii kwa sababu kila msimu wa projekti za mwaka wa mwisho naletewa bodi yenye ugonjwa ule ule, "kaka signali ya msuli haionekani, naona wimbi la 50 Hz tu", yaani umeme wa ukutani. Nikiangalia nakuta mtu ameweka geini ya 1000 (yaani kukuza mara 1000) kwenye amplifaya ya kwanza kabisa, akiamini signali ni ndogo kwa hiyo ikuzwe haraka iwezekanavyo. Ni kweli ni ndogo, juu ya ngozi unapata makumi ya maikrovolti mpaka milivolti chache ukikaza msuli kwa nguvu, ila udogo sio unaokusumbua. Kinachokusumbua ni vitu vikubwa vinavyopita nayo kwenye waya ule ule.

Kuna volteji ya DC kwanza, ile isiyopanda na kushuka kama wimbi. Elektrodi ikigusana na jeli na ngozi inatengeneza volteji yake yenyewe, na elektrodi mbili hazilingani sawasawa, kwa hiyo inabaki tofauti, na ukidizaini inabidi ujipange kwa tofauti ya mpaka milivolti 300. Sasa zidisha hiyo mara 1000, unapata volti 300, na bodi yako inakula betri mbili za volti 9! Amplifaya inagota juu inabaki hapo hapo, msuli ukaze usikaze huoni kitu.

Ndiyo maana mimi stage ya kwanza naipa geini ya kama 10 tu. Kwa AD620 (chipu ya instrumentation, inayokuza tofauti kati ya input mbili) rezista ya kilo-om 5.6 kati ya pini 1 na 8 inakupa geini ya 9.8 hivi, 300 mV inageuka volti 3 na bado una nafasi ya kutosha. Halafu ndio unaweka kapasita ya maikrofaradi 1 ikifuatiwa na rezista ya kilo-om 8.2 kwenda graundi, hapo unakata kila kitu chini ya 19 Hz, DC inaondoka na kule kuyumba kwa nyaya mtu akisogeza mkono kunapungua sana. Baada ya hapo TL072 (chipu ya op-amp, amplifaya ya kawaida) yenye geini ya 100, sasa milivolti 1 ya msuli inatoka karibu volti 1, na mwisho kilo-om 3.3 na nanofaradi 100 kukata juu ya 480 Hz maana signali ya msuli kwenye ngozi karibu yote iko kati ya 20 na 500 Hz.

Halafu kuna hiyo 50 Hz yenyewe. Mwili wako unaidaka kutoka kwenye nyaya za ukutani na taa, na elektrodi zote mbili zinaibeba karibu sawa, kazi ya amplifaya ni kuondoa kile kinachofanana na kubakiza tofauti. Tuseme mwilini kuna volti 1 ya 50 Hz. Chipu yenye CMRR (uwezo wa kukataa kinachofanana kwenye input zote mbili) ya desibeli 100 inaipunguza mpaka ionekane kama maikrovolti 10 tu kwenye input, safi kabisa. Ila ukijenga amplifaya ya tofauti mwenyewe kwa op-amp moja ya 741 na rezista nne za asilimia 1, geini ya 1, rezista zikiangukia vibaya unabaki na desibeli 34 tu, yaani ile volti 1 inapita kama milivolti 20 na msuli wako wa milivolti 1 umezama humo. Kwa hiyo nunua chipu ya instrumentation iliyokamilika, hapa usibane hela.

Lakini hata chipu nzuri inashindwa kama ngozi hujaiandaa, na hapa ndipo watu wanapadharau kuliko pote. Elektrodi moja ikiwa imeshika vizuri na nyingine imekauka jeli, ile 50 Hz iliyokuwa sawa pande zote inageuka kuwa tofauti, na amplifaya inaikuza kwa uaminifu wote. Nyoa nywele, futa na spiriti, subiri ikauke, bandika elektrodi mpya zote mbili (zile za ECG, za kupima moyo, za duka la vifaa tiba zinafaa sana), katikati ya moja hadi katikati ya nyingine milimita 20, zifuate msuli unavyolala. Elektrodi ya tatu, ya rejea, inayounganisha mwili na graundi ya bodi, iweke kwenye mfupa wa kiwiko. Hiyo ikibanduka input hazina njia ya kupitisha mkondo wao na output inakimbilia upande mmoja, ukiona hivyo angalia huo waya kabla hujang'oa chipu.

Notch ya 50 Hz, yaani filta inayokata masafa hayo tu, mimi siweki. Nguvu nyingi ya msuli iko kati ya 50 na 150 Hz, ukikata hapo unaondoa na signali yenyewe, na 150 Hz ya umeme (mara tatu ya ile 50, nayo inatoka kwenye nyaya) inabaki vile vile.

Kabla ya kumfunga mtu, unganisha input zote mbili na rejea kwa waya mfupi uangalie oskiloskopu. Mstari ukinyooka bodi iko sawa, tafuta tatizo kwenye ngozi na nyaya. Usiponyooka usiguse hata elektrodi, rudi kwenye graundi na kapasita za nanofaradi 100 karibu na pini za pawa.

Na tafadhali sana, mtu akiwa na elektrodi mwilini bodi itumie betri, laptop ichomolewe chaja, na oskiloskopu inayotumia umeme wa ukutani ikae mbali. Waya wa rejea umeshaondoa ulinzi wa ngozi kavu, chaja mbovu ikivujisha, mkondo unapitia mwilini. Mwanafunzi akigoma hapo mimi simsaidii.

Mkisharidhika na signali, someni sampuli zaidi ya 1000 kwa sekunde, mimi natumia 2000 kwa sababu filta yenye rezista moja na kapasita moja haikati kwa ukali, na msisahau kuinua signali kwa volti 2.5 na kuifungia kati ya 0 na 5 kabla haijaingia Arduino ya volti 5 (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma signali).